Rafu ya Kati

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, nami hali yako naisikia kupitia ukutani: unakunja, unakunjua, unakunja tena. Kanga za mama yako unazikunja vibaya. Dobi hawezi kusikia nguo ikikunjwa vibaya akatulia, lakini nimejizuia nisije huko, kwa sababu nikija nitashika kanga na sitasema ninalotaka kusema. Ndiyo maana nimeketi hapa uani, kwenye jiwe la kufulia, baada ya sala ya alasiri, na daftari lako la shule lililobaki na kurasa safi.

Sitakuambia habari za baridi ya Nakuru, wala kuchemsha maji, wala namna ya kuishi na majirani wa bara. Shangazi yako Mishi amekuambia hayo yote tangu Jumatatu, na yeye mwenyewe hajavuka Mazeras. Nataka kukuandikia juu ya kabati.

Jana nilipolitoa chumbani kwangu na kuligeuza likatazama watu, ulisimama mlangoni ukaniambia, kwa adabu yako yote, "Baba, nakuomba. Kitu kile sikitaki kwenye mizigo yangu." Nikakuuliza mtoto atawekewa wapi vitu vyake. Ukasema, "Hakuna vitu. Nimemwandikia Salimu asinunue hata uzi mpaka mtoto alie." Shangazi yako, aliyekuwa akichambua mchicha, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia aya ikisomwa vizuri. Nilimtazama yeye, nikakutazama wewe na tumbo lako la miezi sita, dharau ikanipanda usoni. Nadhani uliiona. Ulidhani ni yako, ukainamisha uso. Haikuwa yako. Nilikuwa nikimdharau mtu mwingine, na mtu huyo jana alikuwa amevaa kofia yangu.

Unajua nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kwa Mzungu wa Nyali. Memsabu wake aliposhika mimba, nyumba nzima ilishika mimba. Chumba kilipakwa rangi, kikatundikwa pazia lenye picha za sungura, na ukutani pakasimama kabati refu kuliko mimi. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi kila kilichoingia humo. Nilipiga pasi kofia tisa za mtoto mwenye kichwa kimoja. Nilipiga pasi soksi za mtu asiyejua kutembea. Memsabu alisimama na kijitabu mkononi akiniambia hii juu, hii chini, hii hapana, akihamisha rundo lile lile mara tatu kwa asubuhi moja, nami nikijibu "Ndiyo, memsabu" huku rohoni namcheka. Chumba kizima cha mtoto kulala peke yake, niliwaza, na mama yake yuko upande wa pili wa ukumbi na mlango kaufunga. Hata mbuzi wetu hafanyi hivyo.

Nilimdharau mchana, nikamwiga jioni. Mama yako aliposhika mimba ya nduguyo, nilikwenda Kongowea kwa mwenye duka nikapata masanduku matupu ya chai, nikayabomoa, nikaunda kabati. Halikufika kiunoni. Unakumbuka mlango wake unavyogoma upande wa chini. Mimi husema ni unyevu wa masika. Si unyevu. Sikujua kupima.

Mama yako alingoja nimalize. Akalizunguka, akalipigapiga kama mtu anayenunua fenesi, akauliza, "La nani?"

Nikamwambia la mtoto.

"Lote?"

Nikamwambia ndiyo, kama la memsabu.

"Basi memsabu wako hajui kuzaa," akasema. "Mama atakuwa wapi?"

Akaketi chini akalipanga yeye. Rafu ya juu akaifanya ya mzazi: mkaja wa kufunga tumbo, kanga mbili laini, kichupa cha mafuta ya kukandia. Rafu ya chini akaifanya ya mtoto, kwa kuwa mtoto, alisema, hana haraka. Hata ukimfunga kanzu kuukuu ya babu yake hajui tofauti. Rafu ya kati ilikuwa ya saa yenyewe ya kujifungua. Humo aliweka vitambaa vya kanga kuukuu, vilivyochemshwa, nikavipiga pasi pande zote mbili, akavifukiza ubani. Akaweka wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi, kipande cha sabuni, na kadi yake ya kliniki. "Hii ndiyo kabati," akaniambia. "Hizo nyingine ni mapambo." Tangu siku ile nikaona kwamba yule memsabu na kijitabu chake walikuwa wamemsahau mtu mmoja tu katika kabati lile kubwa, na mtu huyo alikuwa memsabu mwenyewe. Kidogo nikamhurumia. Kidogo tu.

Winda za kumfunga mtoto kiunoni nilizifua mimi, na kwa mazoea ya kazi nikazitia kanji. Mama yako alipoinua moja, ilisimama wima mkononi mwake kama ubao. "Mwanangu atakaa kama barua ya serikali," akasema, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi mkekani ukifanya hesabu za shule, nawe ukacheka, hujui unacheka nini. Nikazisuuza maji matatu. Nikitaka kuikumbuka nyumba hii ilivyokuwa, naanzia hapo.

Sasa nitakuambia habari za watu.

Habari za kabati zilitoka. Sijui nani alizitoa. Pengine mimi, maana nililionea fahari. Pale kwa muuza kahawa, penye njia ya Magogoni, wakanipa jina la Fundi Winda. Athumani muuza makaa aliniuliza kama mtoto kashaombewa kazi bandarini, maana kabati analo, imebaki kofia ya kazi. Mwinyi akasema yeye alizaliwa juu ya jamvi na kitovu chake kikakatwa kwa ganda la chaza, na mtazameni alivyo. Tulimtazama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini anayekunywa kahawa ya mkopo saa nne ya asubuhi. Hao ndio niliowaogopa, Rukia. Watu wasioweza kukunja kofia zao wenyewe. Mpaka leo wako pale pale, siku hizi wanabishana mwambao uwe wa nani, na hakuna hata mmoja anayejua mkewe anaweka wapi chumvi.

Shangazi yako hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma. "Kitanda kikimtangulia mtoto," akasema, "hulaliwa na mwingine." Mama yako akamjibu kwa heshima kwamba hapa hapana kitanda, dada, pana vitambaa. Shangazi akasema kitambaa nacho ni kitanda cha damu. Na baadaye mama yako alipoanza kuvimba miguu, kila aliyekuja kumjulia hali alipitisha jicho kwenye kabati kabla ya kumtazama yeye. Wanawake walisalimia kabati. Mmoja alinong'ona nikamsikia, na wewe nadhani ulimsikia: "Wameiita shari, itakuja."

Nilipokuwa na mama yako niliwasema sana. Niliigiza sauti zao. Nilimwambia hawa ndio wanaotaka kujitawala na hawajaweza kulitawala kabati la masanduku ya chai. Mama yako hakupenda maneno yale. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Baba Rukia, mtu akidharau sana, ujue anaogopa." Nikamwambia mimi siogopi. Na kweli sikuliogopa jini wala kijicho. Lau ningaliamini maneno ya shangazi yako, ningalikuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Mimi nilichoogopa ni kicheko. Niliogopa likitokea jambo lolote, hata homa ndogo, watasema tulimwambia.

Ikawa asubuhi moja, mama yako kaenda mazikoni Mishomoroni ya chini, wewe uko shuleni. Nikachukua gunia la kazi. Nikaanza rafu ya chini, nikaenda ya kati, nikamaliza ya juu. Nilivikunja vizuri, hata wizi nilifanya kidobi. Nikalifunga kabati, nikaurudisha ufunguo kwenye msumari wake, nikalipakia gunia kwenye baiskeli nikaenda nalo Nyali, nikaliweka chini ya meza ya kupigia pasi. Nilijiambia mtoto akilia tu nitavirudisha. Na jioni ile ile nilikwenda kwa muuza kahawa nikasema, kama mtu asemaye jambo la kupita, kwamba lile kabati sasa ni tupu, lilikuwa mchezo tu. Athumani akasema, "Ee, sasa umekuwa mtu." Nikafurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi.

Mama yako sikumwambia. Kila asubuhi nilisema nitamwambia jioni. Alikuwa ameshalipanga, hakuwa na sababu ya kulifungua.

Yaliyobaki unayajua kuliko mimi, kwa kuwa wewe ulikuwapo nami sikuwapo. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, mchana, nami niko kazini. Bi Zuhura mkunga alikuja akaomba vitambaa. Mama yako akakuambia ufungue kabati, rafu ya kati. Ukafungua, ukasema, "Mama, hamna kitu." Bi Zuhura ndiye aliyenisimulia, siku ya arobaini, na alidhani ananisimulia ajabu. Alisema mama yako alikuambia tena, rafu ya kati, angalia vizuri. Ukasema tena hamna. Ndipo akakuambia, kwa Kimvita chake kinachoita macho mato, ambacho hakukiacha mpaka mwisho, "Huna mato, wee?" Bi Zuhura akachana kanga aliyokuwa amejifunga mwenyewe.

Mume wa jirani alikuja Nyali kuniita. Nikalipakia gunia, nikakanyaga baiskeli kwa nguvu zangu zote. Nilipokaribia nikaona viatu vya watu mlangoni, vingi, nikajua. Nikasikia mtoto analia ndani, sauti nyembamba. Na unajua nilifanya nini kabla ya kuingia kwa mke wangu? Nilizunguka nyuma ya jiko, nikalificha gunia chini ya makuti.

Nilipoingia, shangazi yako alikuwa amekukumbatia mbele ya kabati lililo wazi, na wanawake wamewazunguka. Alikuwa akisema, "Si kosa lako. Mwenyewe amekuja akachukua vyake. Mliona wenyewe mlango ulikuwa umefungwa." Mtaa mzima ukaipokea hadithi ile, ikafika Kongowea kabla ya jeneza kutoka. Jini gani huyo, nilitaka kuwauliza, anayebeba winda kumi na mbili na sabuni ya kufulia, kisha anafunga mlango akaning'iniza ufunguo kwenye msumari? Atazivaa wapi? Lakini sikuwauliza, kwa sababu jini huyo alikuwa amesimama kati yao, miguu imejaa vumbi la barabara ya Nyali, na hadithi ile ilimfaa sana.

Ulinitazama ukaniambia, "Baba, mimi niliangalia." Nami nikakujibu, "Nyamaza, mwanangu, yameshapita." Nduguyo hakufika siku ya saba. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Miaka sita nimekuona ukifungua kila mlango wa kabati mara mbili, hata la vyombo. Unafungua, unafunga, unafungua tena. Watu hudhani ni tabia yako tu.

Bi Zuhura aliniambia damu ile haizuiliwi na kitambaa, kiwe safi au kichafu. Pengine ni kweli. Pengine alinihurumia. Sitajua, na sikuandikii ili unipe jibu. Ninachojua ni kwamba mama yako aliondoka akidhani binti yake hakuangalia vizuri, na binti yake amebaki akidhani aliandamwa na kitu kisichoonekana, na katikati yao alikuwapo mtu mmoja mwenye gunia.

Leo baada ya adhuhuri nilimwendea shangazi yako. Miaka yote hii nimemdharau kwa hadithi ile. Nilikuwa nikimtazama akila nikiwaza, mwanamke huyu anaamini majini huvaa winda. Nikamwambia, "Dada, vitu vya kabatini nilivitoa mimi."

Hakuacha kupepeta mchele. "Najua," akasema.

Nikamuuliza anajuaje.

"Ulipita mbele yangu na baiskeli asubuhi ile. Gunia la nguo za Mzungu halinuki ubani, Hamisi."

Nikamuuliza, na bado ukamwambia mtoto ni mwenyewe kachukua?

"Ningemwambia nini? Kwamba ni babake? Mama kafa mchana ule, na baba nimuondoe jioni? Angebaki na nani?"

Nilisimama pale na dharau yangu ya miaka sita mkononi, sijui niiweke wapi. Nilikuwa nimemwita mjinga mtu aliyeniona mpaka ndani ya gunia. Lakini hata yeye simtakasi, na yeye hajitakasi. Tulikuwa watu wazima wawili, ndugu wa tumbo moja, na tuliona afadhali mzigo ule aubebe msichana wa darasa la sita. Nilipomwambia nakuandikia barua, alipuliza makapi, akasema, "Mwandikie. Na mimi nitie humo."

Nimemtia.

Sasa sikiliza, si kwa sababu mimi najua, bali kwa sababu nimeharibu. Watakaokucheka huko utawakuta. Nakuru nako kuna muuza kahawa. Usipoteze siku zako kuwadharau. Mimi niliwadharau kwa mdomo nikawatii kwa mikono, na kinachoumiza si mdomo. Na Salimu, ambaye ni kijana mwema na anaandika hati nzuri, mwonyeshe kila kitu kilipo, kisha mwonyeshe na jirani. Vitu vya saa ile visijulikane na mtu mmoja. Na mwanamume yeyote akikuambia ameviweka mahali pazuri zaidi, hata akiwa mumeo, hata akiwa mimi, mwambie avirudishe na usimame hapo mpaka avirudishe.

Vitambaa vya mama yako ninavyo. Nilivitoa chini ya makuti usiku wa tatu wa matanga, na nilipoviona vimekunjwa vile, kona kwa kona, ndipo nilipofahamu kwa nini wazee wanakataza kumpangia mtoto. Hawamkingi mtoto. Wanamkinga anayebaki asije akavikunjua. Kwa hilo nimeacha kuwacheka. Kila mwaka baada ya masika nimevifua kisirisiri nikavianika ndani. Juzi nimevichemsha tena. Sikutia kanji.

Kabati nimelipanga. Kitasa nimeking'oa, halitafungwa tena na mtu. Rafu ya juu ni yako: mkaja ule ule wa mama yako, na mafuta mapya. Rafu ya chini nimeiacha tupu. Hiyo ni ya shangazi yako na heshima yake; mtoto akilia, ijaze wewe, kwa furaha. Mlango nimeupiga randa upande wa chini, haugomi.

Kesho asubuhi kabla gari halijaja utalikuta sebuleni, wazi. Sitalibeba mimi wala sitamwambia mtu alibebe. Ukiliacha, litakaa nami hapa na sitakuuliza. Ila kabla hujaamua, nakuomba ulisogelee uangalie rafu ya kati, mara moja tu, usirudie.

Uliangalia siku ile. Uliangalia vizuri. Una mato, mwanangu, na uliyapata kwake.

Baba yako,
Hamisi